Namugongo: na motokari yetu ao na bisi?



Katika mkutano wa wiki iliyopita, tulipofika kwa habari ya safari ya Namugongo ya tarehe 3 Mwezi wa 6, likazuka swali ambalo miaka mingine hatukuwa nalo. Watatu kati yetu sasa wana permi ya kuendesha. Wawili wana motokari nyumbani. Basi kwa nini tulipe bisi, tungojee ijae, tubanane na mizigo ya watu, wakati tunaweza kushika usukani sisi wenyewe na kujipeleka mpaka karibu na basilika? Wengine walipiga makofi. Wengine walinyamaza na kuangaliana. Ndipo mwenyekiti akasema: "Mwalimu, wewe na yaya wako mulivuka na motokari mulipopeleka mama hospitali. Utuandikie namna ilivyokuwa, kisha tutaamua."

Ni hivyo naandika. Nitasema wazi ninavyofikiri, na anayeona tofauti alete maneno yake mkutanoni.

Nianze na upande wetu, maana watu wakizungumza juu ya kuendesha ugenini wanaruka mpaka Uganda mara moja, kama vile Kasindi iko nyuma ya soko la Butembo. Toka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54. Toka Beni mpaka Kasindi ni 80 hivi. Ni barabara zile zile ambazo marais wa nchi mbili walizindua kazi yake pale mpakani tarehe 16 Juni 2021. Anayetoka Butembo alfajiri anatoka na sweta: ukungu uko juu ya vilima, na mama wa sombe wako tayari kando ya njia. Unapita Maboya, unapita Kabasha, unateremka, na sweta unaivua kidogo kidogo. Ukifika Beni joto limekukamata. Kisha unageuka upande wa mashariki, unaona kakao imeanikwa juu ya mashiti mbele ya nyumba, unapita Bulongo na Lume, na kama mbingu ni safi mlima Ruwenzori unajionyesha na theluji yake. Mama yetu, ambaye alikuwa mgonjwa kwa kiti cha nyuma, aliomba tusimame ili auangalie. Tulikataa. Njia ile hausimami popote unapotaka.

Hilo ndilo jambo la kwanza. Toka Beni mpaka Kasindi, swali la nani anashika usukani ni la pili. La kwanza ni: leo njia iko namna gani? Sote tunajua magari yaliyochomwa na watu waliobaki njiani. Tunajua siku ambazo watu wanapita tu kwa msafara wenye askari, na siku ambazo hawapiti kabisa. Hakuna karatasi inayokuambia hayo. Wanaojua ni washofere waliotoka huko jana jioni. Sisi tulienda parking ya magari ya Kasindi pale Beni, si kwa kupanda bali kwa kuuliza. Tuliuliza watatu, mmoja mmoja, mbali na wenzake. Wote watatu walisema neno moja: tokeni pamoja na wengine, msiwe wa kwanza, msiwe wa mwisho, na muwe mumevuka Semuliki kabla jua halijawa kali. Kama mmoja angesema neno lingine tungelala Beni.

Hapa shofere wa bisi ana kitu ambacho mimi na wewe hatuna. Anapita pale kila siku. Anajua kila bariere, anajua askari yupi ana haraka na yupi anataka kuzungumza. Anaona kijiji ambacho leo hakuna mtoto nje ya nyumba, na anaelewa maana yake. Mama anayeendesha mara moja kwa mwaka hawezi kusoma hayo, hata kama anaendesha vizuri kuliko shofere yule. Na ninasema kweli, wako wamama wanaoendesha vizuri kuliko washofere wetu wengi.

Sasa tuseme umefika Kasindi salama. Malori yamepanga mstari, wabeba mizigo wanakuzunguka, mto Lubiriha uko mbele, na ng'ambo ni Mpondwe. Kama umekuja na bisi, unashuka, unaonyesha karatasi zako, unavuka kwa miguu, na kazi yako imekwisha kwa nusu. Kama umekuja na motokari, motokari nayo ni msafiri. Nayo inaombwa karatasi.

Zako wewe mnazijua: pasipoti ao barua ya kuvukia, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kama una mtoto, karatasi inayoonyesha kwamba ni wako, na ruhusa ya baba yake kama hayuko pamoja nanyi. Za motokari ni hizi: karte roze, permi, na bima. Lakini bima ya hapa kwetu inaishia mtoni. Ng'ambo unahitaji kadi ya manjano ya COMESA, ambayo inachukuliwa kwetu kabla ya kuondoka na inatambulika Uganda. Msichanganye kadi hiyo na ile ya chanjo, ingawa zote watu wanaziita za manjano. Moja ni kwa ajili ya ugonjwa, nyingine ni kwa ajili ya mtu utakayemgonga. Kisha duane ya Uganda inaandika motokari yako na kuipa karatasi ya kukaa kwa siku fulani. Siku zikipita unalipa. Kwa hiyo usihesabu safari tu, hesabu na siku ya ugonjwa, na siku ya mvua.

Na jambo hili hasa ni la wamama. Motokari nyingi tunazoendesha si kwa jina letu. Karte roze iko na jina la bwana, ao la kaka, ao la mtu aliyeuza na ambaye hatujabadilisha jina lake hata leo. Mpakani jina lisilo lako ni swali. Beba barua ya mwenye motokari yenye saini na muhuri, inayosema anakuruhusu kuvuka nayo. Mama mmoja mkutanoni alikasirika niliposema hivyo. Alisema: "Tangu lini mama anaomba ruhusa?" Nilimjibu kwamba barua hii haina mume wala mke. Hata mwanaume akivuka na motokari ya mwingine anaombwa barua ile ile. Kuhusu ruhusa ya bwana, wengi bado hawajui: Sheria ya Familia ya zamani, ile ya 1987, ilimfunga mwanamke aliyeolewa asitie saini mambo mengi bila ruhusa ya mume. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa hayo. Ukitaka motokari iwe kwa jina lako, inaweza kuwa. Tuzungumze hilo siku nyingine, maana ni somo la kutosha peke yake.

Yaya wangu alikuwa na motokari kwa jina lake, na barua zote ndani ya mfuko wa plastiki. Askari wa Uganda alizisoma zote, akamwangalia, akauliza kwa Kiswahili: "Mama, nani anaendesha?" Akajibu: "Ni mimi." Akauliza tena: "Na huko mbele mnaenda kushoto, unajua?" Akajibu kwamba anajua. Kujua na kuzoea ni vitu viwili, na hapo ndipo habari yenyewe inaanza.

Sisi tunaendesha kuume. Uganda, Kenya na Tanzania wanaendesha kushoto. Rwanda na Burundi kuume kama sisi. Hii ni mali ya wakoloni: Mbelgiji alituachia upande wake, Mwingereza akawaachia wao upande wake. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini pande za barabara hazikuingia. Kuzibadilisha si mchezo. Uswidi walihama toka kushoto kuenda kuume tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima kwa siku moja. Samoa, visiwa vya mbali huko Pasifiki, walihama toka kuume kuenda kushoto tarehe 7 Septemba 2009, ili wapate kununua motokari za bei ndogo kutoka Australia na New Zealand. Huko serikali ilitangaza siku, watu wakajitayarisha pamoja. Sisi tunahama kila mmoja kwa siku yake, juu ya daraja la Lubiriha, tukiwa na kuku ndani ya motokari.

Mtasema: lakini motokari zetu nyingi zina usukani wa kuume, zimetoka Japani kupitia Mombasa na Kampala. Si basi tumezoea? Hapo kuna jambo la kushangaza kidogo. Motokari ya usukani wa kuume iko nyumbani Uganda, na kwetu ndiyo mgeni. Hapa Butembo, shofere wa motokari hiyo anakaa upande wa mtaro. Akitaka kupita lori, haoni mbele, na ni lazima abiria wake amwambie kama njia ni wazi. Ni mara ngapi umekaa kwa kiti cha mbele ukaulizwa, "Mama, kunapita?" Wewe ndiwe jicho lake. Hata taa zake zilitengenezwa kuangaza upande wa kushoto, kwa hiyo usiku zinapiga macho ya anayekuja. Ng'ambo, motokari ile ile inaona vizuri. Yaya alisema baada ya kilometa kumi, "Kumbe hivi ndivyo ilivyotengenezwa iende!" Lakini mama yule mwingine mwenye motokari iliyotoka Ulaya, yenye usukani wa kushoto, kwake ni kinyume: kwetu anaona, Uganda hataona. Yeye nisingemshauri hata kidogo aende nayo mpaka Kampala. Kupita lori kwenye vilima vya Fort Portal bila kuona ni kumwachia abiria uhai wa watu wote waliomo ndani.

Usukani, kwa kweli, si shida kubwa. Wala barabara yenye magari mengi si shida. Magari yakiwa mengi unafuata yaliyo mbele, yanakufundisha. Hatari iko pale barabara ikiwa tupu. Asubuhi ya pili tulitoka kituo cha esanse pale Kasese. Hakukuwa na gari hata moja. Yaya alikuwa anazungumza na mama juu ya dawa, akakata kona, na mikono yake ikampeleka upande wa kwetu. Hakuona. Mimi niliyekaa kushoto nilikuwa natafuta karatasi ya hospitali. Ni kijana wa bodaboda aliyekuja mbele yetu akapunga mkono kama mtu anayefukuza ng'ombe. Tulihama upande. Mama aliuliza kama tumefika.

Kwa hiyo sehemu za kuogopa ni hizi tatu: kutoka kituo cha esanse ao kwenye lango la nyumba, kukata kona kuenda kuume, na mzunguko wa barabara. Kwetu, pale VGH ao Rond-point Nyamwisi kule Beni, unaingia kwa kuume na unazunguka kinyume cha mishale ya saa. Uganda unaingia kwa kushoto, unazunguka pamoja na mishale ya saa, na anayetoka kuume kwako ndiye mwenye haki ya kupita. Yaya aliandika neno KUSHOTO kwa kalamu nyekundu, akalibandika juu ya usukani. Watu walicheka. Ninaona ni dawa nzuri. Nyingine ni kwamba mtu wa kiti cha mbele awe na kazi moja tu, kusema "kushoto" kwa kila kona, hata kama mwenye kuendesha anakasirika. Kazi hiyo haiendi pamoja na simu, wala mtoto wa kunyonyesha, wala karatasi za hospitali.

Sasa nisikilizeni ninyi ambao hamtaendesha, maana mnafikiri habari hii si yenu. Watakaoshuka kwa bisi na kuvuka barabara kwa miguu ni wengi zaidi, na miguu nayo imezoea. Kwetu, ukisimama kando ya barabara, gari la kwanza linakuja toka kushoto kwako. Ndivyo tulivyofundisha watoto. Uganda gari la kwanza linakuja toka kuume. Mtoto mwenye akili, anayefanya vizuri sana alichofundishwa, anaangalia kushoto, anaona wazi, anaweka mguu, na linalomgonga linatoka upande mwingine. Ni mtoto mtiifu aliye katika hatari. Mwaka ule nilipeleka na mtoto wangu wa miaka minane. Kabla ya safari nilichora barabara kwa chaki uwanjani, nikaleta watoto wa jirani wawe motokari, na tukacheza Butembo na Bwera: nikiita "Butembo!" wanatembea kuume, nikiita "Bwera!" wanahamia kushoto, na yule anayevuka anaanza kuangalia upande wa pili. Kwa siku tatu walicheza wenyewe bila mimi. Kule Uganda mtoto wangu ndiye aliyenishika mkono. Na mkono wa mtoto mushike mpaka amefika kabisa ng'ambo, hata kama anasema yeye ni mkubwa.

Kuna jambo lingine nililoliona huko. Bisi ndogo za kwao ndizo zile zile za kwetu, na mlango uko kushoto. Huko mlango unafunguka kando ya njia, mama anashuka na mtoto wake juu ya majani. Kwetu mlango ule ule unafunguka katikati ya barabara. Kila siku hapa Butembo tunashuka na watoto mgongoni katikati ya motari na malori, na hatujiulizi. Hilo si la Uganda, ni letu, lakini nililiona vizuri nilipokuwa huko.

Turudi kwa safari. Toka Mpondwe unapita Bwera, na hapo bado hujahisi ugenini. Wakonzo wanakusalimu "Wavukire" na unajibu kwa lugha ya nyanya yako. Hospitali ya Kagando, ambako tulipeleka mama, iko karibu, na tulikuta watu wa kwetu wengi wakingoja. Kisha njia inaingia mbuga ya Queen Elizabeth. Lami ni nzuri, imenyooka, na ndiyo sababu inadanganya mguu. Tembo na nyati wanavuka wanapotaka. Kwa Kikorongo barabara inagawanyika: kuume unaenda Mbarara na Masaka, kushoto unaenda Kasese na Fort Portal. Zote mbili zinafika Kampala, na zote mbili ni zaidi ya kilometa 400 toka mpakani. Kuna matuta mengi kabla ya kila kijiji, na polisi wa barabara wanaopima mwendo. Mkanda unafungwa, simu haishikwi. Jioni wana kifaa cha kupima pombe ambacho Waganda wenyewe wanakiita kawunyemu. Nasema hivyo kwa ajili ya wale watakaochukua mabwana zao wawasaidie kuendesha.

Saa nayo inahama. Saa sita ya mchana kwetu ni saa saba kwao. Waliotoka Butembo asubuhi wanafikiri wana muda, kumbe saa moja imebaki mtoni.  Sisi tulikata shauri kwamba giza likitukuta popote tunalala pale pale, na pesa ya kulala tuliiweka pembeni. Shofere wa kukodi unaweza kumbadilisha na mwenzake. Mama aliyeamka saa tisa za usiku kupika chakula cha njia, akafunga watoto, akajibu simu za nyumbani, akaendesha mpaka Kasindi, na akasimama duane kwa muda mrefu, hana wa kumbadilisha. Wenye kuhesabu bei wanasahau kuandika usingizi wake.

Tuzungumze bei basi, maana najua ndiyo iliyofanya makofi yapigwe. Watu wanahesabu esanse, wanagawanya kwa watano, wanaona ni kidogo kuliko bisi. Ongezeni karatasi ya COMESA, ya duane, mahali pa kulaza motokari kila usiku, mtu wa kuilinda, gurudumu la akiba lililo zima kweli, na kitu cha kuweka kando kwa ajili ya kuharibika. Motokari ikifa kwa Mubende, bisi inaendelea na abiria wake, lakini ninyi mnabaki na chuma chenu. Mkiwa watano waliojaa ndani, na safari ni ya siku nyingi, na mna mgonjwa asiyeweza kubanana, motokari inashinda. Kwetu ilishinda, maana mama hangeweza kukaa kwa bisi. Mkiwa wawili kwa ajili ya sala ya siku moja, bisi inashinda, hata bila kuhesabu.

Na tarehe 3 Mwezi wa 6 si siku kama nyingine. Toka Mashahidi walipochomwa pale mwaka 1886, na hasa toka walipotangazwa watakatifu mwaka 1964, watu wanakuja toka Kenya, Tanzania, Rwanda na kwetu, wengi wao kwa miguu kwa siku nyingi. Kabla ya siku hiyo, polisi wanafunga njia za Namugongo na magari yanaachwa mbali. Kwa hiyo ile ndoto ya kujipeleka mpaka karibu na basilika, wamama, haiko. Hata aliye na motokari atatembea. Kwa mwenye kushika usukani toka upande wa Mityana, neno moja la msaada: akifika Busega asiingie katikati ya Kampala. Achukue barabara ya kuzunguka ya kaskazini mpaka Naalya, kisha Kyaliwajjala. Kati ya mji, bodaboda zinapita pande zote mbili za motokari yako kama maji yanayopita jiwe, na mgeni anayeendesha upande asiouzoea hatafurahi hata akifika.

Katikati ya bisi na kujiendesha kuna njia ya tatu, na ndiyo tuliyotumia kwa nusu ya safari. Tulipofika Bwera siku ya kurudi kwa Kagando kuchukua matokeo, yaya alikuwa amechoka. Jamaa zetu wa huko walituonyesha shofere Mkonzo, mtu mzima, mwenye permi ya Uganda, anayezungumza lugha yetu. Aliketi kwa usukani wa yaya, yaya akaketi kando yake na kuangalia kila kona namna anavyofanya. Alilipwa kwa siku, na chakula. Motokari ilibaki yetu, mama alilala nyuma, na polisi walipotusimamisha aliwajibu yeye. Yaya anasema alijifunza zaidi siku ile kuliko siku mbili za kwanza. Mapatano yanaandikwa kabla ya kuondoka, mbele ya mtu anayewafahamu ninyi wote wawili, na funguo zinarudi kwenu kila jioni.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kundi lote liende kwa bisi mpaka Kasindi, siku ambayo washofere wa pale watasema njia ni nzuri, livuke kwa miguu, na lipande bisi ya Uganda Mpondwe. Mama mwenye motokari ya usukani wa kushoto aiache nyumbani. Wamama wawili wazee, na yule wetu aliyefanyiwa operesheni Mwezi wa 2, ndio wanaohitaji motokari. Yaya amekubali kuwachukua, akifuatana na magari mengine mpaka Kasindi, na toka Bwera ataendesha shofere yule wa mwaka ule. Nilimpigia simu siku ya posho, na anasema yuko tayari kama tutamwambia tarehe mapema.

Kwa kiti cha mbele, kile cha kusema "kushoto", yaya anatafuta mtu. Mimi hanitaki tena, anasema ninasoma karatasi njiani. Anayekitaka amwambie katibu kabla ya mkutano wa siku ya nne, aje na kadi yake ya chanjo tuione. Wenye watoto waje nao jumamosi saa tatu kwa uwanja wa shule. Nitaleta chaki.